Maneno ya sifa katika Kiingereza: tuangalie mkia

Kwa kufanya maneno ya sifa katika Kiingereza mara nyingi tunaongeza mkia. Kifaransa kinatusaidia: "dangereux" inakuwa "dangerous". "Navigable" haigeuki kabisa. Ndivyo ulivyo mto wetu toka Kisangani mpaka Kinshasa, lakini si pale kwenye maporomoko ya Wagenia! Ila "sensible" inadanganya: kwa Kiingereza ni mtu mwenye busara.

Shida kubwa iko kwa mikia miwili isiyo ya Kifaransa: "-ful", yaani yenye, na "-less", yaani bila. "Harm" ni madhara. Chupa ikiandikwa "harmful", tusinywe; "harmless" ndiyo haidhuru. Mwenye kusoma mwanzo tu wa neno atakunywa sumu. Tena "full" peke yake iko na l mbili. Mkiani inabaki moja.