Herufi ni makubaliano: Funzo la tarakilishi ya bei nafuu kwa Ekegusii

KUNA kisingizio ambacho husikika kila linapozuka suala la kuandika lugha zetu za mama: eti tarakilishi hazina herufi zetu. Katika makala ya leo, tukipime kisingizio hicho kwa mashine moja kongwe na lugha moja ya hapa kwetu, Ekegusii, inayozungumzwa katika kaunti za Kisii na Nyamira.

Mashine yenyewe ni ZX Spectrum. Kampuni ya Clive Sinclair iliizindua Uingereza mnamo Aprili 1982. Yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 iliuzwa pauni 125, na ya kilobaiti 48 pauni 175. Haikuja na skrini. Mnunuzi aliiunganisha na televisheni ya nyumbani, na programu akazipakia kutoka kwenye kaseti kama zile za muziki. Ilikuwa tarakilishi ya mtu wa kawaida.

Herufi zake zilifuata ASCII, orodha iliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1960 kwa mahitaji ya Kiingereza. Kiswahili hakikutaabika humo: irabu zetu ni tano, na ng' huandikwa kwa ritifaa tu. Gĩkũyũ, yenye irabu saba, ilikosa ĩ na ũ.

Ekegusii nayo ina irabu saba, kama anavyoonyesha Jelle Cammenga katika kitabu chake cha 2002 kuhusu fonolojia na mofolojia ya lugha hiyo. Hata hivyo, maandishi yake ya kawaida hutumia herufi tano. Herufi e hubeba sauti mbili, na o vilevile. Msomaji hukisia kwa muktadha.

Je, mashine ile ndogo ilimfungia mtu mlango? La hasha! Ilimwachia nafasi 21 za kuchora herufi zake mwenyewe. Kila herufi ilikuwa na miraba 64, minane kwa minane, na ilichukua baiti 8 tu. Aliyetaka ɛ au ɔ aliweza kuichora na kuiona kwenye televisheni yake.

Tatizo lilikuwa kwingine. Nafasi ya kwanza kati ya hizo ilikuwa na nambari 144. Wewe ukichora ɛ hapo, jirani yako naye akachora ua, maandishi yako kwake yatajaa maua. Mchoro ulikuwepo, makubaliano hayakuwepo.

Pengo hilo limezibwa na Unicode, mfumo ulioanza kuchapishwa mnamo 1991, ambao huipa kila herufi nambari moja duniani kote. Humo ɛ ni 603, ɔ ni 596, ĩ ni 297. Herufi tunazozihitaji zimo hata kwenye simu zilizo mifukoni mwetu.

Basi kilichobaki ni sisi wenyewe kukubaliana. Wapo watakaosema kwamba herufi tano zinatosha, kwani mzawa hapotei. Ni kweli, mzee wa Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti hizi mbili, hatapotea. Sauti anazijua tangu utotoni. Lakini mtoto aliyelelewa Nairobi, anayekutana na neno kwa mara ya kwanza kwenye ukurasa, atalitamkaje? Na programu ya kusomea vipofu maandishi kwa sauti itakisia nini? Sera yetu ya elimu inataka watoto wa madarasa ya chini wafunzwe kwa lugha ya eneo lao. Mwalimu atafunzaje kusoma ikiwa herufi moja ina sauti mbili na hakuna alama ya kuzitenganisha?

Sisemi kwamba lazima Ekegusii ichukue ɛ na ɔ. Huenda wenye lugha wakapendelea alama juu ya herufi walizozizoea, au wakaamua kwa hiari kubaki na tano. Uamuzi huo ni wao: walimu, waandishi, watangazaji na wazee wa pande zote mbili. Ila wasiuahirishe kwa kusingizia mashine. Mashine ya pauni 125 ilikwisha kutoa nafasi hiyo mnamo 1982.