Kwa Nini Blubeli Huwahi Kuchanua?

Blubeli ni mmea mdogo wa misitu ya kale ya Uingereza. Maua yake ya buluu huinama kama kengele. Ukiuchunguza msitu huo kila wiki, utaona mfuatano huu:

1. Machi: Majani ya blubeli yamechipua. Matawi ya miti bado hayana majani, hivyo mwanga hufika ardhini.
2. Aprili hadi Mei: Blubeli huchanua huku miti ikianza kutoa majani.
3. Juni: Kivuli kimetanda. Mbegu hukomaa na majani ya blubeli hunyauka.

Ufafanuzi: Blubeli hutumia kipindi hicho kifupi cha mwanga kufanya usanisinuru na kuhifadhi chakula katika tunguu lake ardhini. Chakula hicho huuwezesha mmea kuchipua tena mwaka unaofuata.

Tahadhari: Unapochunguza, usiache njia. Majani yaliyokanyagwa hayatengenezi chakula cha kutosha, na mbegu mpya huchukua miaka 5 au zaidi kuwa mmea wenye maua.

Kumbuka: Usijibu "kwa sababu ya joto" pekee. Joto huathiri tarehe ya kuchanua. Mwanga hueleza faida ya kuwahi.