Saba Katika Mia: Hesabu ya Kuondoa Titi Lisilougua

Mwanamke aliyekutwa na saratani katika titi moja hufika mahali akauliza: kwa nini lisiondolewe na la pili, nikalala usingizi? Nchini Marekani jibu la "yote mawili" lilizidi kushika kasi. Kati ya 2002 na 2012, wagonjwa wa titi moja waliochagua hivyo walipanda kutoka asilimia 3.9 hadi 12.7.

Utafiti uliochapishwa 2024 katika jarida la JAMA Oncology uliipima faida yake kwa kumbukumbu za wagonjwa wa Marekani. Yalilinganishwa makundi matatu, kila moja wanawake 36,028: waliotolewa uvimbe tu, walioondolewa titi moja, na walioondolewa yote mawili. Saratani katika titi la pili iliwapata 766 wa kundi la kwanza, 728 wa pili, na 97 tu wa tatu. Kinga ipo, tena kubwa.

Sasa tazama vifo. Kwa kipindi cha miaka 20, hatari ya kufa kwa saratani ya matiti ilikuwa asilimia 16.3, 16.7 na 16.7. Titi la pili limekwenda, vifo viko palepale. Jambo hili huwatatiza hata wataalamu, kwa sababu waliopata saratani ya pili walikufa zaidi kuliko wasioipata. Mtu angetarajia kwamba ukiizuia, utaokoa maisha. Maelezo yenye mashiko zaidi ni kwamba kinachoua mara nyingi ni ugonjwa wa kwanza, ambao seli zake huweza kuwa zimeshafika kwenye mifupa, ini au mapafu. Kisu cha upande wa pili hakizifikii.

Wasioondoa titi la pili walikadiriwa kuwa na hatari ya karibu asilimia 7 ya kuugua titi hilo kwa miaka hiyo 20. Yaani katika wanawake 100, 93 wangepoteza titi ambalo lisingeugua katika muda huo. Kwa hesabu yangu, nikitoa wachache wanaougua hata baada ya upasuaji, hupasuliwa 16 au 17 ili mmoja aepuke saratani mpya. Bei yake ni saa zaidi chini ya kisu, mirija ya kutoa majimaji pande zote mbili, vidonda viwili vinavyoweza kuingiwa na vijidudu, na kifua chenye ganzi, mara nyingi cha kudumu. Fedha huko Marekani haizuii sana: tangu 1998 sheria inazitaka bima zinazolipia kuondoa titi zilipie pia kulitengeneza upya.

Hofu nayo ina tarakimu zake. Katika utafiti wa 2013, wanawake vijana walioondoa yote mawili, wasio na kasoro ya jeni inayojulikana, walikisia kwamba bila upasuaji 10 kati ya 100 wangeugua titi la pili ndani ya miaka 5. Hali halisi ni 2 hadi 4. Kutaka utulivu wa moyo ni sababu halali, mradi daktari asiuite kurefusha maisha.

Hesabu hubadilika kabisa kwa mwenye kasoro ya jeni. Hatari ya titi la pili kwa miaka 20 hufika takriban asilimia 40 kwa kasoro ya jeni iitwayo BRCA1 na 26 kwa ya BRCA2. Mwigizaji Angelina Jolie, aliyetangaza 2013 upasuaji wake wa kuondoa matiti yote mawili, alikuwa na kasoro ya BRCA1 na hakuwa ameugua. Tarakimu zake si za kila mgonjwa. Ndiyo maana kipimo cha jeni kitangulie, pale kinapopatikana. Titi lisilougua linaweza kusubiri majibu. Matibabu ya lile linaloumwa hayasubiri.