LAKABU KATIKA KUMBUKUMBU YA KOMPYUTA

Karani wa duka la mkopo huamriwa mambo matatu: alisome deni la baba yake Juma; aongeze shilingi kumi katika deni la mume wa Asha; kisha alitaje tena deni la baba yake Juma. Je, yampasa kulifungua daftari mara ya pili, ama yatosha kulitaja deni kama alivyolishika kwa moyo? Ikiwa majina hayo ni ya watu wawili, moyo watosha. Ikiwa ni ya mtu mmoja, moyo utamdanganya, na hesabu itaharibika pasipo mtu kujua.

Swali hilo hilo huikabili kompaila, yaani programu ifasiriyo maandishi ya mtunga programu yakawa amri za mashine. Kompaila haifasiri tu. Hutafuta pia njia fupi, ili kazi ile ile ifanyike kwa amri chache zaidi. Lakini hali yake ni ngumu kuliko ya karani, kwa kuwa yapasa iziandike amri zote kabla duka halijafunguliwa, nayo haijamwona mteja hata mmoja.

Yafaa maneno mawili yaelezwe. Kumbukumbu ya kompyuta ni kama safu ndefu ya visanduku vyenye nambari. Kielekezi ni kisanduku ambacho ndani yake mna nambari ya kisanduku kingine. Hakichukui kitu chenyewe, bali chaonyesha mahali kitu kilipo. Vielekezi viwili vikionyesha mahali pamoja, kila kimoja huwa ni lakabu ya mwenziwe. Neno la Kilatini litumiwalo na wataalamu kwa jambo hili, alias, asili ya maana yake ni "wakati mwingine" au "kwa namna nyingine". Lakabu ya Kiswahili, iliyotoka katika Kiarabu, mara nyingi huwa na sifa au dhihaka ndani yake. Hapa hapana sifa wala dhihaka, ila majina mawili na kitu kimoja.

Gharama ya mashaka haya si ndogo. Mfano ni kitanzi kijumlishacho nambari 1,000 zilizo katika safu, huku jumla ikiwekwa mahali paonyeshwapo na kielekezi. Kompaila ikijua kwamba mahali hapo hapamo katika safu ile, yaweza kuiweka jumla katika rejista iliyo ndani ya prosesa, na kuiandika katika kumbukumbu mara 1 tu mwishoni. Isipojua, yalazimika kuiandika mara 1,000, maana huenda jumla yenyewe ikawa mojawapo ya nambari zinazosomwa. Tena hupoteza nafasi ya kuzijumlisha nambari nne au nane kwa pamoja, kama mashine za leo ziwezavyo.

Majibu ya kompaila basi ni matatu: "ndiyo", "hapana" na "huenda". Kusema "huenda" pasipo haja huleta mwendo wa polepole. Kusema "hapana" kimakosa huleta jibu la uongo. Ndiyo sababu uchambuzi huu huelemea upande wa hofu.

Katika njia zitumiwazo kuipunguza hofu hiyo, mbili zimekuwa maarufu. Ya kwanza ilielezwa na Lars Ole Andersen katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Copenhagen, mwaka 1994. Kila kielekezi huandikiwa orodha ya mahali kinapoweza kuonyesha. Kielekezi r kikipewa thamani ya p, yote yaliyo katika orodha ya p huingizwa katika orodha ya r, lakini orodha ya p haibadiliki. Ya pili ni ya Bjarne Steensgaard, mwaka 1996: hapo mahali paonyeshwapo na r na mahali paonyeshwapo na p huunganishwa pakawa kundi moja. Tofauti yaonekana katika mfano huu:

(a) p chaonyesha x;
(b) q chaonyesha y;
(c) r chapewa thamani ya p, na baadaye thamani ya q.

Kwa Andersen, r huenda kikaonyesha x au y, lakini p chabaki na x, na q chabaki na y; basi p na q si lakabu. Kwa Steensgaard, x na y zimekwisha kuwa kundi moja kwa ajili ya r, na jibu juu ya p na q ni "huenda". Lakini kazi ya njia ya kwanza, hali ikiwa mbaya kabisa, hukua kwa kipeo cha tatu cha ukubwa wa programu. Kazi ya njia ya pili hukua karibu sawa na ukubwa wenyewe.

Hapana njia itakayoyamaliza mashaka yote. William Landi mwaka 1992, na G. Ramalingam mwaka 1994, walithibitisha kwamba swali la lakabu, katika lugha ziruhusuzo vitu vipya kuundwa programu inapotenda kazi, haliwezi kutatuliwa kikamilifu na programu yoyote.

Palipokosekana ushahidi, lugha zenyewe zimeweka ahadi. Kanuni za FORTRAN za mwaka 1966 zilikataza utaratibu kubadili kitu ulichopewa kwa majina mawili. Kanuni za C za mwaka 1989 zilikataza kitu cha aina moja kisomwe kwa kielekezi cha aina nyingine, isipokuwa kwa aina chache, kama ile ya herufi. Mwaka 1999 C iliongezewa neno "restrict", ambalo kwalo mtunga programu huapa kwamba kile anachokibadili kwa kielekezi fulani hakifikiwi kwa njia nyingine.

Kwa ahadi hizo mzigo wa uthibitisho humwangukia mwandishi. Akiivunja ahadi, huenda kompaila isimwonye. Itaiamini, na programu iliyotoa jibu sahihi kwa miaka mingi yaweza kutoa jibu jingine siku ifasiriwapo kwa kompaila mpya. Kwa kuchelea hayo, watunzaji wa kiini cha Linux huifasiri kazi yao huku kompaila imeamriwa kutoitegemea ile kanuni ya aina. Wamekubali kupoteza sehemu ya wepesi, ili daftari lifunguliwe tena kila panapo shaka.