Neno "Gharama" katika Itifaki ya Hali ya Viungo

Huko Kabungu, karibu na Mpanda katika mkoa wa Katavi, nilionyeshwa ruta iliyounganishwa na mwenziwe wa mjini kwa njia mbili: mkongo upitishao megabiti 100 kwa sekunde, na redio ipitishayo 10. Fundi kijana alikuwa amezipanga kwa uangalifu, lakini habari zote zilipita redioni, na mkongo ukakaa bure. Nilipomwuliza sababu, alijibu kwa adabu: "Mwalimu, darasani tuliambiwa tuandike gharama ya kila njia. Mkongo ndio ghali, nikauandikia 100. Redio ni rahisi, nikaiandikia 10." Kiswahili chake hakikuwa na kosa. Kosa ni letu tuliofasiri.

Itifaki yenyewe, ijulikanayo kwa herufi OSPF, yafaa ielezwe kwanza. Katika itifaki za kale, ruta huamini uvumi wa jirani, kama msafiri wa Kabungu aendaye Tabora akaambiwa, "Pitia kwangu, ni karibu," asijue yaliyo mbele. Katika itifaki ya hali ya viungo, kila ruta hutangaza hali ya njia zake tu, na tangazo hilo hupelekwa kwa ruta zote za eneo bila kubadilishwa. Hivyo zote huwa na ramani moja: reli ipitayo Kaliua imo, na barabara ya Sikonge imo. Kisha kila moja hujitafutia njia fupi kwa hesabu aliyoichapisha E. W. Dijkstra mwaka 1959. Mvua ikikata barabara, aliye jirani nayo hutangaza, na wote huhesabu upya.

Ujirani nao huanza kwa ujumbe ambao mafundi huuita salamu. Mimi naona ni hodi khasa. Ruta huutoa, kwa kawaida kila sekunde 10, ikitaja wale iliokwisha kuwasikia; na mpaka ione jina lake katika ujumbe wa mwenziwe, haijakaribishwa. Sekunde 40 zikipita kimya, jirani huhesabiwa amekufa. Nyakati hizo, pamoja na nambari ya eneo, sharti zilingane pande zote mbili. Zisipolingana hodi haiitikiwi, wala mara nyingi sababu haionekani wazi, jambo lililowakesha mafundi wengi.

Turudi kwenye gharama. Ruta nyingi hugawanya 100 kwa megabiti za njia: redio hupata 10, mkongo 1. Njia ikiwa bora nambari hupungua, lakini sikio la Mswahili likisikia gharama huwaza shilingi. "Uzito" haufai, kwani njia nzito yaweza kufahamika kuwa ndiyo ibebayo mengi, tukarudi kule kule. Napendekeza "taabu", hata wahandisi wakicheka. Tena kuna mtego: njia ya megabiti 1,000 nayo hupewa 1, maana nambari haishuki chini ya hapo, basi msingi wa 100 hauna budi kuongezwa, kwa kiasi kimoja katika ruta zote.

Kijana alipoandika taabu 1 kwa mkongo na 10 kwa redio, habari zilihamia mkongoni mara ile ile. Ndipo akaniuliza juu ya eneo 0, ambalo maeneo mengine yote sharti yaungane nalo: ikiwa nalo tutaliita mkongo, kama tusemavyo Mkongo wa Taifa, uzi wenyewe tutauitaje? Bado sijamjibu.