Mtandao Umekata, Usimnunie Mwenzio!

Kuna ugomvi wa pesa, kuna ugomvi wa mawifi, na siku hizi kuna ugomvi wa mtandao. Usicheke! Kama wewe na mwandani wako mnafanya kazi nyumbani, hata kama ni jioni tu baada ya ofisi, unajua ninachokisema. Intaneti inakata katikati ya kikao, mmoja anapandisha sauti, "Umeshaanza kushusha mamuvi yako!" Mwingine ananuna, na chakula kinaliwa kimya kimya.

Kwa marafiki zangu mimi ndiye fundi wa bure, na nikwambie ukweli, katika nyumba nyingi nilizoingia mchawi hakuwa mume wala mke.

Chukua mfano wa rafiki yangu mmoja wa Sinza. Kazi yake ni kutafsiri nyaraka, na anaifanya nyumbani kwenye kompyuta ya mezani. Wiki mbili mfululizo mashine yake ilipata intaneti mchana kutwa, ikifika usiku haipati kitu, wakati simu ya mumewe inapiga mzigo kama kawaida. Mteja mmoja akachoka kusubiri, kazi akampa mtu mwingine. Basi bibie akajumlisha mbili na mbili. "Kanifungia makusudi," aliniambia huku analia. "Haamini kwamba sasa namzidi kipato." Alikuwa ameshaanza kufungasha nguo.

Nilipofika sikugusa ndoa yao, niligusa kompyuta. Niliandika neno moja tu, ipconfig, kwenye kile kidirisha cheusi cha Windows (andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, kitafunguka). Pale ndipo unapoona namba ya mashine yako. Kila kifaa ndani ya nyumba hupewa namba na ruta, kama mjumbe anavyogawa namba za nyumba mtaani. Ruta yao ya sebuleni ilikuwa 192.168.1.1, kwa hiyo kila kifaa kilipaswa kuwa na namba inayoanza na 192.168.1. Ya rafiki yangu ilianza na 192.168.0. Heh!

"Shemeji, humu ndani mna ruta ngapi?"

"Mbili, shem. Ile ya zamani naichomeka chumbani nikirudi kazini, ili waifai ifike mpaka kitandani."

Kumbe! Aliiunganisha kwa waya na ile ya sebuleni, lakini hakuizima kazi yake ya kugawa namba. Wajumbe wawili mtaa mmoja, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Kompyuta ikiwashwa inaomba namba, na inamsikiliza atakayejibu kwanza. Ruta ya chumbani ilikuwa inawahi, inatoa namba pamoja na njia isiyofika popote, maana yenyewe haikuwa na intaneti. Simu ya shemeji ilisalimika kwa sababu ilishachukua namba sebuleni kabla hajaichomeka ile nyingine. Na bibie kila akikwama alizima kompyuta na kuiwasha, akawa anajirudisha mwenyewe kwa mjumbe feki.

Nikaingia kwenye ruta ya zamani, nikazima ugawaji wa namba, nikaipa anwani ya 192.168.1.2 ili zisigongane. Dakika kumi hazikufika. Yule mteja hakurudi, lakini nguo zilirudi kabatini. Sikusikia msamaha ukiombwa, ila niliona nani aliyepakuliwa mnofu mkubwa usiku ule.

Sasa tuje kwako. Kabla hujafungua mdomo, chukua kifaa kingine uone kama kinapata. Kama vyote vimekufa, angalia taa za ruta, angalia kama kifurushi kimeisha (ndiyo, angalia!), kisha zima ruta, hesabu sekunde 30, washa. Wakati mwingine tatizo liko mbali kabisa. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika chini ya bahari upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Siku kama hiyo hata ukigombana na nyumba nzima haisaidii.

Kama ni kompyuta pekee inayosumbua, iunganishe na ruta kwa waya. Ikikubali, basi shida ni waifai. Isogeze ruta mbali na maikrowevu, kwa sababu oveni hiyo na waifai ya 2.4 GHz hutumia masafa yanayokaribiana. Ile ya 5 GHz haisumbuliwi nayo, ila haipenyi kuta vizuri.

Waya nao ukigoma, rudi kwenye ipconfig. Ukiona namba inayoanza na 169.254, kompyuta imejipa namba yenyewe kwa sababu hakuna aliyeijibu. Kagua waya na ruta. Namba ikiwa sawa, andika ping 8.8.8.8. Majibu yakija na bado kurasa hazifunguki, huenda kinachogoma ni huduma ya kutafsiri majina ya tovuti kuwa namba, na unaweza kuingiza 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwenye mipangilio ya DNS. Tupia jicho na saa ya kompyuta pia. Mashine ya zamani ikiishiwa kile kibetri cha ndani hurudi nyuma miaka, na tovuti za benki na barua pepe huikataa kabisa.

Umepita kote huko na bado? Piga simu kwa mtoa huduma, na uwasomee namba ulizoziona. Ukiwaambia tu "mtandao hausomi", watakuambia uzime na uwashe.