Kazi yenye mshahara mnono iliyokinaiwa: kubaki au kuacha?

  

Mgodi wa almasi wa Mwadui ulianza mwaka 1940, lakini ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama ulibadilika zaidi pale mgodi wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, ukafuatiwa na Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Vijana ambao wazee wao waliishi kwa pamba na ng'ombe wakapata mishahara ambayo wazee hao hawakuwahi kuiona. Pamoja na mishahara hiyo likaja suali ambalo maimamu wa Shinyanga, Kahama na Geita wanalijua.

Tuchukulie kijana anayeendesha lori kubwa la mgodini. Anashuka shimoni, anapakiwa mawe, anapanda, anamwaga, anashuka tena, saa 12 kwa zamu, mwaka baada ya mwaka. Au tuchukulie mwenzake anayekaa mbele ya skrini usiku kucha kuangalia geti ambalo halitokewi na jambo. Mwisho wa mwezi mshahara umeingia benki, lakini moyo umeikinai kazi. Anamwendea imamu baada ya swala: "Sheikh, kazi ni ya halali na inalipa, ila imenichosha. Je, niache?"

Majibu anayopewa kwa kawaida ni mawili. Wa kwanza humwambia kuwa anakufuru neema, wangapi wanaitafuta kazi hiyo! Wa pili humwambia aache, kwani riziki iko kwa Allah. Kila jibu lina sehemu ya haki, na kila moja limeacha sehemu kubwa ya mas-ala. Tutajaribu kuyaweka mambo mahali pake kwa mujibu wa fiq-hi, hasa madh-hebu ya Imam Shafii ambayo ndiyo yaliyoenea kwetu.

Kukinai si hukumu

Jambo la kwanza la kuliweka wazi ni kwamba kuichoka kazi, peke yake, hakuifanyi kazi hiyo kuwa haramu, wala hakumwajibishii mtu kuiacha. Vile vile hakuna dalili inayomlazimisha Muislamu kubaki katika kazi fulani ya halali maisha yake yote. Asili ya kubaki na asili ya kuondoka ni mubaha. Yanayoibadilisha hukumu ni mambo mengine yanayogusana na kazi hiyo.

Wala tusidhani kuwa kazi ya kurudiarudia ni ya watu duni. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kuwa Mtume (S.A.W.) alichunga mbuzi wa watu wa Makka kwa malipo ya qirati, na kwamba hakuna Nabii ila alichunga. Anayejua uchungaji wa Usukumani anajua kuwa siku ya leo hufanana na ya jana.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Nabii Musa (A.S.) katika Suratul Qasas, aya ya 26 hadi 29. Alifika Madyan akiwa mkimbizi asiye na kitu. Binti wa mzee aliyempokea akamshauri baba yake amwajiri, kwa kuwa mwajiriwa bora ni mwenye nguvu na mwaminifu. Wafasiri wamekhitilafiana kama mzee huyo ni Nabii Shuaib (A.S.) au mtu mwingine, lakini mkataba wenyewe umetajwa bayana: miaka minane, na akitimiza kumi itakuwa ni hiari yake. Mzee akaahidi kutomtia mashakani. Ibn Abbas (R.A.) alipoulizwa ni muda upi alioutimiza, alijibu kuwa ni ule mrefu, kama ilivyo katika Bukhari. Baada ya hapo ndipo Musa (A.S.) alipoondoka na ahli zake, na ni katika safari hiyo alipoitwa kwenye jabali la Tur.

Tuzingatie mambo matatu hapa. Musa (A.S.) hakubaki Madyan milele. Hakuondoka kabla ya kutimiza ahadi. Na hakuiacha nyuma familia yake. Haya matatu ndiyo kipimo cha mas-ala yetu.

Haki ya mkataba

Ajira katika fiq-hi ni ijara, nayo kwa Mashafii ni mkataba wenye kulazimu pande zote mbili. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa ijara haivunjiki kwa udhuru wa mmoja wao, na miongoni mwa mifano aliyoitoa ni aliyekodi hamamu kisha akakosa kuni za kuichemshia maji. Ikiwa aliyekosa kuni hawezi kuuvunja mkataba, basi aliyechoka tu hana hoja zaidi yake. Mahanafi wao wamepanua mlango wa udhuru, kama kwa mtu aliyekodi duka la biashara kisha akafilisika. Lakini hata kwao udhuru una masharti yake.

Je, kijana wetu amefungwa? Hapana. Mikataba mingi ya leo ina sharti la taarifa ya kuacha kazi, na Waislamu hushikamana na masharti yao. Anayetoa taarifa kwa muda waliokubaliana havunji mkataba bali anautekeleza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Namba 6 ya mwaka 2004, imeweka kiwango cha chini: siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na siku 7 kama bado yumo katika mwezi wa kwanza wa kazi. Ama mwenye mkataba wa muda maalumu, na atimize muda wake kama alivyofanya Musa (A.S.), au aombe kufunguliwa kwa ridhaa ya mwajiri. Huku ndiko kunakoitwa iqala, na mwenye kumkubalia mwenzake amesifiwa katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Ibn Majah. Kutoroka kazini baada ya mshahara kuingia, simu ikazimwa, ni khiyana.

Haki ya wanaokutegemea

Nafaka ya mke na watoto wadogo ni wajibu, na vile vile ya wazazi mafukara kwa mwenye uwezo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, kama alivyopokea Abu Daud, kuwa yatosha kuwa ni dhambi mtu kuwapoteza wale walio chini ya ulezi wake. Kwa hiyo anayeacha mshahara leo, na kesho watoto wakarudishwa kutoka shule na mama mzee Bariadi akakosa dawa, hawezi kujitetea kuwa ametawakali. Tawakuli ni kumfunga ngamia kwanza, kama ilivyopokewa na Tirmidhi.

Hata hivyo, sheria haikumlazimisha mtu kubaki tajiri. Suratut Talaq, aya ya 7, imefungamanisha nafaka na uwezo wa mtoaji. Kwa Mashafii chakula cha mke kwa siku ni mudi mbili kwa mume mwenye wasaa, mudi moja na nusu kwa wa kati, na mudi moja kwa mwenye dhiki. Maana yake ni kuwa kipato kikipungua, kiwango nacho hushuka, lakini hakifutiki. Basi suali la kijana wetu lisiwe "Nitapata kama ninachopata sasa?" Liwe ni hili: "Nitakachopata kitawatosheleza wenye haki juu yangu?" Kikitosha, anayo ruhusa ya kuondoka hata kama nyumba haitakuwa na anasa ya zamani. Na mke ashauriwe mapema, asije akasikia habari hiyo kwa majirani.

Deni nalo ni haki ya watu. Wafanyakazi wengi wamekopa kwa dhamana ya mshahara. Aanzaye kuondoka kabla ya kupanga namna ya kulipa amewatwisha wengine mzigo wake.

Njia ya tatu, iliyo mbaya

Watu hudhani kuna njia mbili, kubaki au kuacha. Iko ya tatu, na ndiyo ifuatwayo zaidi: mtu hubaki kwa mwili na kuacha kwa moyo. Dereva anaegesha lori kwenye kona isiyoonekana akalala. Mlinzi anajaza kitabu cha doria ambayo hakuifanya. Karani anasaini saa ambazo hakuwepo. Ukimuuliza, atasema kazi imemchosha.

Hapa ndipo haramu ilipo. Mwanzo wa Suratul Mutaffifin umewakemea wanaotaka kipimo kamili wanapopokea na kupunguza wanapotoa, na wanazuoni wameieneza maana hiyo kwa kila anayechukua haki yake yote na kupunguza haki ya mwenzake. Mwenye kudai mshahara wa saa 12 kwa kazi ya saa saba amepunja kipimo. Mgodini jambo hili huenda mbali zaidi, kwani uzembe wa mmoja waweza kuua wengine shimoni.

Hivyo kubaki kwa uaminifu ni halali, na kuondoka kwa utaratibu ni halali. Kilichokatazwa ni kukaa katikati. Anayeona kuwa hawezi tena kuitekeleza amana kwa vile moyo umekufa, huyu kwake kuondoka ni bora zaidi, na huenda kukawa wajibu ikiwa hana namna nyingine ya kujizuia na khiyana.

Inafaa pia kuitazama swala. Mafaqihi wa Kishafii wamesema kuwa nyakati za swala za faradhi zimetolewa ndani ya muda wa ijara bila ya ujira kupunguzwa. Kwa hivyo mfanyakazi anayo haki ya kuidai nafasi hiyo kwa adabu. Ikiwa amezuiliwa swala moja kwa moja, na jitihada za kupata ufumbuzi zimeshindikana, basi mas-ala si ya kuchoka tena bali ni ya dini, na hukumu yake ni nzito zaidi.

Wawili katika historia

Imam Ghazali aliteuliwa kufundisha katika Madrasa ya Nidhamiyya ya Baghdad mwaka 484 Hijria (1091). Kilikuwa cheo kikubwa kwa mwanachuoni wa zama zake. Ameeleza mwenyewe katika kitabu chake Al-Munqidh kuwa alipoichunguza nia yake aliiona inatafuta jaha. Kuanzia Rajab mwaka 488 (1095) alisitasita karibu miezi sita, mpaka ulimi ukashindwa kufundisha na tumbo likakataa chakula. Hatimaye aliondoka. Lakini tutazame alivyoondoka: aligawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto wake, na nduguye Ahmad akashika nafasi yake darasani. Na mwaka 499 (1106) alirudi kufundisha, safari hii Nishapur. Kilichomtoa ni khofu juu ya dini yake, na wala hakuondoka kwa pupa.

Wa pili ni wa kwetu, Sheikh Abdallah Saleh Farsy. Alikuwa mwalimu Zanzibar, kisha Kadhi, na mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Katika maisha hayo ya ajira aliandika vitabu na kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili, tafsiri iliyochapishwa kamili mwaka 1969. Hakungoja kuacha kazi ndipo aanze jambo la maana.

Basi kijana ajiulize anamfanana nani. Wengi wetu tatizo letu si kazi, ni kwamba nje ya kazi hatuna lolote. Siku za mapumziko ya zamu zinamalizikia kwenye televisheni. Huyu akiihama kazi, atahama na uchovu wake. Aanze kwanza darsa, shamba au ufundi katika siku hizo, kisha autazame moyo wake upya.

Unakwenda wapi?

Wako wanaoacha mshahara kwa tamaa ya maduara ya wachimbaji wadogo. Uchimbaji huo ni halali katika asili yake, lakini malipo yake mara nyingi ni mgawo wa mawe ambayo hakuna ajuaye yana nini, na katika ijara ujira sharti ujulikane. Mwenye kuingia humo awaulize wanazuoni juu ya sura ya makubaliano yake. Ajihadhari pia na waganga wanaowadanganya watafuta dhahabu, kwani aliyeondoka kwa kuchoka akaishia kwenye shirki amepata khasara isiyo na mfano.

Kwa upande mwingine, anayebaki asiufanye mgodi kuwa mola wake. Mgodi wa Golden Pride kule Nzega ulifungwa mwaka 2014. Buzwagi ilimaliza uzalishaji mwaka 2021. Bulyanhulu ilisimamisha kazi mwaka 2017 kufuatia zuio la kusafirisha makinikia, na wengi wakapunguzwa bila kutarajia kabla ya mgodi kufufuliwa miaka iliyofuata. Anayesema "siachi kwa kuwa hapa ni salama" naye ajiwekee akiba.

Nasaha kwa maimamu

Tunawausia ndugu zetu maimamu wasimjibu muulizaji kwa neno moja. Wamuulize: Kazi yenyewe ni halali? Mkataba wako unasemaje? Nani anakula kwa mkono wako, na una deni gani? Hivi sasa unaifanya kazi kwa uaminifu? Na ukitoka, unakwenda kwenye nini?

Baada ya hapo ashauriane na wajuzi, kisha aswali istikhara kama alivyoipokea Jabir (R.A.) katika Bukhari. Istikhara si kungojea ndoto, bali ni kumkabidhi Allah jambo la halali na kuendelea nalo. Likifunguka ni kheri, likizuilika ni kheri.

Na vyovyote atakavyoamua, zamu ya kesho bado ni amana. Aifanye kwa ukamilifu, hata kama ndiyo ya mwisho.

Wallahu a'lam.